Sirene ya Saa Nane

Ntumba,

Ngalula amefika Likasi. Naanza na hilo kwa sababu najua ungetaka habari kwanza, salamu baadaye. Alifika wiki mbili zilizopita na gunia la mahindi na kuku mmoja aliyebaki na nusu ya manyoya, akanikuta sokoni Kikula nakaanga mikate. Sikumtambua. Alipoondoka alikuwa na miaka kumi na moja na meno yamepishana, sasa ni dada mzima. Alisimama mbele ya karai, akaniangalia hadi nikakasirika, kisha akasema: “Yaya Mwape, weye njo ulikuwa unakulaka chikanda yetu yote.” Nikajua ni mdogo wako, maana hakuna mtu mwingine anayeniita dada na papo hapo akanikumbusha ulafi wangu.

Nikamuuliza: “Na Ntumba?” Alisubiri niwahudumie wateja wawili waliokuwa wamepanga mstari, ndipo akaniambia. Homa, siku nne, msimu wa mvua uliopita. Kwa hiyo karibu mwaka mzima nimekuwa nikikuwaza uko Mwene-Ditu, huko Kasai, nikibishana nawe kichwani kuhusu hili na lile, na wewe ulikuwa umeshazikwa. Nililia pale pale, wateja nikawaambia ni moshi wa mafuta. Jioni nilipofika nyumbani nililia vizuri zaidi, bila kumdanganya mtu.

Sasa nikupe habari za huku. Nchi imebadilishwa jina, si Zaïre tena. Kwenye nyumba yenu ya kampuni anakaa fundi mmoja na mke wake. Mwanzoni nilikuwa napita upande wa pili wa barabara nisiwaone, lakini yule mama ananunua mikate yangu kila asubuhi na ana adabu, nikachoka kumchukia. Ua wenu ameupanda mihogo ya kuchuma sombe. Kanisa lenu limepakwa rangi mpya, si nzuri. Mimi nimeolewa, nimeachwa, na sasa nina karai mbili badala ya moja. Kiwanda cha shaba bado kipo kwa macho. Moshi unatoka siku moja, siku tatu hakuna. Sirene hailii tena kabisa. Watu wa mtaa wetu wanapika wanapojisikia njaa, na mafundi wa saa pale karibu na soko wamepata kazi kidogo.

Unakumbuka jinsi sirene ilivyokuwa? Saa kumi na mbili asubuhi inalia, zamu ya kwanza inaingia. Saa nane mchana inalia, zamu inabadilishana. Mama yangu hakuwahi kumiliki saa maisha yake yote na hakuwahi kuunguza maharagwe. Na ninyi mlikuwa na kiburi chenu, maana aliyekuwa akiivuta ile sirene alikuwa baba yako. Darasa la tatu ulituambia wote: “Papa wangu njo anaambiaka muji mujima ikule.” Mwalimu akacheka, sisi tukaamini. Na mimi hadi leo sioni ulikosea wapi.

Lakini ninachotaka kukuandikia ni ile siku ya utalii. Nimeificha miaka mitano, na juzi Ngalula ameniambia jambo moja, ikabidi niipange yote upya kichwani tangu asubuhi. Univumilie nikikueleza mambo uliyoyaona kwa macho yako.

Mlikuwa mmekaa pale gare, kituo cha treni, wiki ya sita. Wakasai wote wa mtaa wenu walikuwa wameambiwa waondoke, warudi “kwao,” na wewe kwenu ulikuwa hujawahi kukuona, hata kwenye picha. Vijana waliokuja kuwatoa nyumbani, wawili tulisoma nao. Mmoja alimsaidia mama yako kubeba godoro hadi barabarani, hakuthubutu kuangalia juu. Baba yako alibakizwa kazini hadi wiki hiyo ya sita, ndipo naye akatolewa. Mlitandika mikeka chini ya ukuta wa gare pamoja na mamia ya watu wengine, mkasubiri treni. Kila siku treni ilikuwa inakuja kesho.

Nilikuja asubuhi nikakukuta unapanga vitu kwenye saki, ule mfuko wako wa shule wa mgongoni. Mama yako alikuwa amekwambia upeleke sokoni vitu ambavyo treni haitavibeba. Habari ilikuwa imezunguka kwamba siku hiyo treni itakuja kweli, watu wataanza kupanda baada ya saa nane. Tulikuwa tumeisikia habari hiyo mara nyingi, kwa hiyo hakuna aliyetetemeka. Mama yako alisema tu, saa nane akiitaja kwa Kifaransa: “Sirene ya deux heures ikilia, mukuwe huku. Minye sitatafuta mutu.” Nakumbuka alikuwa anachambua mchele huku anasema. Baba yako alikuwa amelala kwenye mkeka, kofia usoni.

Ukavaa saki mgongoni, ukasimama umeiga wale Wazungu wawili waliopita mtaani kwetu tukiwa wadogo, yule mwanaume na yule mwanamke wenye mifuko mikubwa kuliko wao, waliokula ndizi kila kona na kuuliza jina la kila kitu. Mtaa mzima ulikuwa umewafuata kwa sababu hatukuwahi kuona watu wazima wanatembea bila kuwa na mahali wanapokwenda. Ukasema: “Leo na shiye tuko batouriste. Tunazaliwa huku na hatuyaonaka hata kitu.” Nilikwambia watalii gani, una wazimu. Nikakufuata.

Pesa hatukuwa nazo, na zile chache zilizokuwepo mjini zilikuwa zinaoza mkononi. Tulikula kwa saki. Kikula tulitoa vijiko vitatu tukapewa mikate ya moto na chikanda kipande kikubwa, kile cha mizizi ya porini chenye karanga na pilipili hadi masikio yanawasha. Ulikigawa kwa kipimo cha kidole, nikala nusu yangu na robo ya yako. Mama muuza chikanda alitaka kujua tunatoka wapi. Ukamjibu kwa Kifaransa cha puani kwamba sisi ni wageni, tumekuja kutembelea mji wake mzuri. Yule mama alikuwa amekuuzia chikanda tangu una miaka sita. Alikuangalia, akacheka, kisha akageuka upande, akaongeza kipande kingine. Najua aliijua safari yenu. Wewe ulijifanya huoni, ukasema: “Watu wa huku banajua kupokea bageni.”

Tukapanda hadi mjini kwenye maduka. Lile duka la Mgiriki tulilokuwa tukibandika pua kwenye kioo chake halikuwa na kioo wala kitu chochote, lilikuwa limeporwa hadi rafu. Ulisimama mbele yake ukaanza kunielezea: hapa palikuwa na viatu vyekundu, hapa redio, hapa yule sanamu mwanamke asiye na mikono tuliyemwita Madame. Mzee mmoja aliyekaa kwenye ngazi akakurekebisha, akasema viatu vilikuwa upande wa kushoto. Ukabishana naye kwa adabu kama dakika kumi hivi. Nilikuwa nachoka na jua, nikawaambia duka halipo sasa, viatu vya upande gani vitasaidia nini. Mkaniangalia wote wawili kama mtu aliyeingia kanisani na kuku.

Kanisani nako ulifanya vituko. Ulimuuliza mlinzi kanisa hili limejengwa lini, na yeye ndiye aliyekufukuza siku ya komunyo yako ya kwanza kwa kucheka. Akakujibu kwa heshima zote. Halafu ukaenda kukaa kwenye ile benchi ya tatu, ukapitisha mkono chini ya ubao ukatafuta jina lako ulilolichonga kwa msumari. Lilikuwepo. Hukuniita nilione. Nililiona baadaye, nilipokwenda peke yangu. Hapo tulitoa sabuni nusu kipande kwa mama wa nje, tukanywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, tukapiga mluzi wote wawili kwa sababu ilikuwa chachu kweli.

Ukanambia sasa tupande kilimani, kwenye kile kilima cha nyuma ya kiwanda. Nikasema mbali. Ukasema watalii wanapandaga mlima, ndiyo kazi yao. Nikafikiri kidogo, nikaona ni akili nzuri kwa sababu nyingine: pale ndipo sirene inaposikika kuliko sehemu yoyote ya mji. Ikilia pale, hata kiziwi anaamka. Hatuwezi kuikosa. Mimi ndiye niliyesema hivyo, Ntumba. Maneno hayo ni yangu.

Chini ya kilima, kwa yule mama wa malewa aliyekuwa akiwapikia wafanyakazi kibandani, tulitoa sketi yako ya shule ya bluu. Akaipima kiunoni kwa binti yake, akatupa ugali wake wa bukari tele na viwavi vya kukaanga na nyanya, akatuazima na sahani yake. Wateja wengine hakuwa nao. Tulipanda na chakula kwenye saki, moto unakuchoma mgongoni, ukawa unaruka-ruka njia nzima. Tukakaa juu. Mji wote ulikuwa chini yetu: mabomba ya kiwanda, ule udongo wa kijani wa mabaki ya shaba, mabati ya Kikula, na reli inavyopinda kutoka gare. Nilikuwa sijawahi kuuona mji wetu wote kwa mara moja. Ni mji mzuri. Nilikwambia hivyo nikiwa na viwavi mdomoni na ukasema: “Kumbe.”

Tulikula polepole. Ulipomaliza ukauliza: “Mwape, saa hapana imeshapita?” Nikasema sirene bado. Ukalala kwenye majani, ukatazama juu. Baada ya muda ukauliza tena. Nikakwambia: “Sirene haiyalia, kaa.” Nilikuwa nalamba sahani. Jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili, kivuli changu kilikuwa kirefu mbele yangu nakiona, lakini nani katika mji ule alikuwa akiangalia jua? Sirene haijalia, basi saa nane haijafika. Tulilelewa hivyo.

Ndipo ile treni ikapita. Tuliisikia kwanza, kisha ikatokea kwenye kona, ndefu, watu wamejaa ndani na juu ya mabehewa, na magodoro na sufuria na mbuzi. Ulisimama. Nikakushika kitenge, nikakuvuta chini, nikasema hiyo ni ya watu wa mji mwingine, ya kwenu bado, sirene haijalia. Ukakaa. Halafu kwa sababu tulikuwa watalii tukawapungia mikono. Tuliwapungia hadi behewa la mwisho.

Nimemuuliza Ngalula kama walituona. Amesema yeye alikuwa upande wa pili, anamwangalia mbuzi wa jirani. Mama yenu alikuwa amekaa chini katikati na hakuona nje.

Sijui ni nani kati yetu aliyeelewa kwanza. Nakumbuka tunashuka mbio, sahani ya mama wa malewa bado imo kwenye saki, na saki sasa nimeibeba mimi. Ulinipita mbali. Nilipofika gare mikeka mingi ilikuwa imeondoka na chini kumebaki maganda na makaratasi. Watu walionyimwa nafasi walikuwa bado wamekaa. Na katikati nikamwona baba yako peke yake, amekaa kwenye mkeka na fimbo na sanduku moja, amebaki kukusubiri. Ulikuwa umeshapiga magoti mbele yake, unasema kitu.

Nilisimama pale kwenye nguzo. Nilimwona baba yako pale chini, mikono yake imetulia magotini, na hapo ndipo ilinijia. Tulikaa nusu siku juu ya kiwanda tukisubiri sirene, na mwenye kuivuta sirene alikuwa amekaa kwenye mkeka gare. Nani mwingine angeivuta? Walimtoa kazini na hawakuweka mtu. Wiki nzima haikuwa imelia, nadhani, na kwenye kelele za gare hakuna aliyetambua, hata mama yako. Hata wewe. Sisi tuliokuwa mjini tulikuwa tukisema tu kwamba siku hizi mchana ni mrefu.

Sikwenda kumsalimia baba yako. Niligeuka na saki yenu mgongoni, nikaenda nyumbani. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kupita mbele yake bila kusema “Jambo, Papa,” na siku ile nilimpita.

Yaliyobaki unayajua. Mlikaa wiki nyingine nne mpaka treni nyingine. Nilikuja mara mbili kuleta unga, nikachagua saa ambazo baba yako alikuwa amekwenda kutafuta maji. Ulinipokea kama kawaida, ukanitania unene wangu, hukugusa habari ya kilima. Nilidhani hutaki hata kuisikia. Kisha mkaondoka. Baadaye mtu alileta habari kwamba mama yako alikufa safarini kabla ya kufika, akazikwa kwenye kituo kimoja cha njiani, na aliyekuwa naye ni Ngalula tu, mtoto wa miaka kumi na moja. Hukumwona. Hukumzika. Kwa sababu nilikuvuta kitenge.

Kwa hiyo sikukuandikia. Nilianza barua nyingi. Kila moja nilikuwa naiandika vizuri mpaka pale kilimani, halafu naichoma chini ya karai. Nilifikiri: akitaka kunilaani, alaani akiwa mbali. Nilikuwa mwoga, na sasa sina mtu wa kumwomba msamaha ana kwa ana. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kufa kwenyewe. Kufa hukupanga. Kunyamaza nilipanga mimi, kila mwezi, miaka mitano.

Juzi Jumapili nilimpikia Ngalula bukari na viwavi. Tulipomaliza kula nikamwambia yote, kama nilivyoyaandika hapa, nikiwa nimeinamisha kichwa nasubiri aninyanyukie. Akaniangalia kwa mshangao. Akasema hivyo sivyo wanavyojua wao. Akasema ile siku ulipopiga magoti kwenye mkeka ulimwambia baba yako: “Papa, sirene ililia. Mwape alinivuta tushuke, minye njo nilikatala. Nilitaka nikae kidogo.” Na ndivyo ulivyowaambia wote Mwene-Ditu, shangazi, majirani, hata kwenye kilio cha mama yako. Walikugombeza sana, Ntumba. Shangazi yako alikaa mwaka mzima bila kukusemesha. Na wewe ulishikilia hapo hapo: sirene ililia, Mwape alinivuta, mimi ndiye niliyekataa.

Nikamuuliza Ngalula: na baba yenu alisema nini?

Akasema, kama ulivyomsimulia wewe, baba alijibu tu, “Muzuri, mutoto wangu,” akakupa maji. Hakulizungumza tena. Hadi mwaka jana, baada ya kukuzika. Ngalula alikuwa bado analalamika kwamba ungeisikiliza sirene mama asingekufa peke yake. Baba yako alikuwa anatengeneza gurudumu la baiskeli, siku hizi ndiyo kazi yake. Akaweka chini ufunguo. Akasema: “Sirene gani? Mwenye kuipiga nilikuwa minye, na minye nilikuwa kwa mukeka. Hakuna kilicholia ile siku. Yaya yako alikuwa anafunika mwenziye, na minye nilimuachia afunike.” Halafu akachukua ufunguo tena.

Ngalula alipokuwa anakuja huku, baba yako alimpa ujumbe mmoja tu kwangu. Alisema: “Ukiona Mwape, umuulize kama angali anaogopa kunisalimia.”

Ntumba, nimekaa na maneno hayo siku tatu. Mikate imeungua. Nilidhani siri hii ni yangu peke yangu, kumbe mlikuwa mmeibeba wewe na baba yako, kila mmoja upande wake, na mimi huku nalala. Nisamehe kwa kukuvuta. Nisamehe zaidi kwa kutokuandika. Asante kwa ule uongo. Ulikuwa uongo mbaya sana, na uliuanzia kwa mtu pekee duniani ambaye usingeweza kumdanganya.

Jumamosi nafunga karai. Nampeleka Ngalula utalii. Saki yenu bado ninayo, kamba moja nimeishona. Tutaanza kwa mama wa chikanda, bado yuko hai na bado anapunja. Tutabishana na mtu kuhusu viatu vyekundu. Nitamwonyesha jina lako chini ya benchi ya tatu. Tukifika kwa mama wa malewa, kama yupo, nitamrudishia sahani yake. Kisha tutapanda, na juu nitakaa nimelipa jua mgongo, nikiangalia kivuli changu. Mdogo wako nitamrudisha mapema. Hilo nakuahidi.

Barua ya kwenda kwa baba yako ataibeba Ngalula akirudi. Nimeiandika jana. Nilitaka iwe ndefu, nikaeleza mengi, nikachana. Iliyobaki ni mstari mmoja, nimeurudia mara nyingi ili mwandiko uwe mzuri:

Jambo, Papa. Ni minye, Mwape.

Lala salama, mtalii wangu.

Mwape